Hofu ya Saa Moja na Nusu



Jioni moja kijana mwalimu alinijia nyumbani, akaniuliza swali ambalo mwanzoni nililidhani dogo. Alisema: "Mzee, mimi napenda sinema za kale za Marekani za kutia hofu, zile zilizotengenezwa kwa ajili ya televisheni tu, ambazo leo karibu hakuna mtu anayezikumbuka. Nazitafuta usiku katika simu yangu. Picha zake zimefifia, sauti yake yakwaruza, na wachezaji wake wengi sijui hata majina yao. Mke wangu ananicheka. Lakini zanivuta kuliko sinema kubwa zinazosifiwa kila mahali. Je, kuna ubaya? Na mvuto huo watoka wapi?"

Nilimjibu upesi, kama sisi wazee tulivyozoea kujibu: "Mwanangu, huo ni mchezo tu. Usijisumbue." Akaniaga, akaenda zake. Lakini swali lake halikwenda naye. Lilibaki nami sebuleni, kwa maana mimi pia nazipenda sinema zizo hizo, wala sikuthubutu kumwambia. Basi leo nataka kumjibu vizuri zaidi, na pamoja naye kila msomaji anayejiuliza neno hilo.

I. Sinema hizi ni zipi?

Kabla ya kulihukumu jambo yafaa kulijua. Hapo kwanza televisheni ya Marekani ilionyesha sinema zilizokwisha kuonyeshwa katika majumba ya sinema. Watu walizitazama tena nyumbani, wameketi na watoto wao. Baadaye wenye televisheni wakaona heri kutengeneza za kwao wenyewe. Tarehe 7 Oktoba 1964 shirika la NBC lilirusha sinema iliyoitwa See How They Run, nayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya namna hiyo kule Marekani. Mwaka ule ule palikuwa na nyingine, The Killers, iliyoongozwa na Don Siegel. Nayo ilikusudiwa televisheni. Lakini wakuu waliona ni ya kikatili mno, ikapelekwa katika majumba ya sinema. Tazameni, tangu mwanzo swali letu lilikuwapo: hofu ya namna gani yafaa kuingia sebuleni mwa watu?

Kisha, tangu mwaka 1969 mpaka mwaka 1975, shirika la ABC lilikuwa na kipindi kilichoitwa Movie of the Week. Kila juma walileta sinema mpya. Muda wake ulikuwa dakika 90, yaani saa moja na nusu. Lakini ukiondoa matangazo ya biashara, sinema yenyewe ilibaki na dakika 74 hivi. Kila kipande kilipaswa kuishia penye shaka kubwa, ili mtazamaji asiondoke wakati wa kutangaza sabuni na motokaa. Fedha ilikuwa kidogo, na siku za kazi zilikuwa chache.

Moja katika hizo ilipata sifa duniani kote. Jina lake ni Duel. Ilionyeshwa tarehe 13 Novemba 1971, nayo iliongozwa na Steven Spielberg alipokuwa na miaka 24. Kazi ya kupiga picha ilichukua majuma mawili hivi tu. Mtu mmoja anasafiri kwa motokaa yake katika barabara ya jangwani, nalo lori kuukuu la mafuta lamfuatia ili limwue. Kwa nini? Hatuambiwi. Ni nani dereva wake? Uso wake hatuuoni kamwe. Sinema hiyo ilipendwa hata ikaongezwa urefu, ikapelekwa katika majumba ya sinema ya Ulaya.

Lakini dada zake wengi hawakupata bahati hiyo. Walionekana usiku mmoja, labda wakarudiwa mara moja au mbili, kisha wakawekwa ghalani. Wakati ule watu wachache mno walikuwa na chombo cha kunasa picha nyumbani. Mtoto aliyeketi akitazama usiku ule alibaki na kitu kimoja tu moyoni: mlango unaofunguka bila mtu, au jicho linalochungulia kwa tundu la ukuta. Jina la sinema alilisahau. Wako waliolitafuta jina hilo miaka mingi, hata walipokuwa watu wazima, mpaka siku hizi ambapo intaneti imezitoa nyingi ghalani. Hizo ndizo anazozitafuta kijana wetu.

II. Mvuto wake watoka wapi?

Mimi naona sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni umaskini wake. Asiye na fedha ya kujenga ngome au kuteketeza mji mzima hana budi kutumia vitu vilivyopo: jiko, ngazi, simu, barabara tupu, mlango uliofungwa. Mtazame yule mtengenezaji wa A Cold Night's Death, iliyoonyeshwa tarehe 30 Januari 1973. Karibu sinema nzima ina watu wawili tu, Robert Culp na Eli Wallach, ndio wataalamu waliotumwa katika kituo cha utafiti kileleni mwa mlima, katikati ya theluji, kuendelea na majaribio juu ya wanyama wa jamii ya nyani. Aliyewatangulia alikutwa amekufa kwa baridi. Kisha dirisha lakutwa wazi katika baridi ile ya kuua, na vitu vyaharibika usiku bila kujulikana nani amefanya. Kila mmoja amdhania mwenzake. Kumbe si huyu wala si yule: wanyama wenyewe ndio wanaowafanyia majaribio watu. Lakini hofu tunayobaki nayo si hofu ya nyani. Ni kuona jinsi watu wawili waliosoma, wanaokula katika meza moja, wanavyoacha kuaminiana neno kwa neno, siku kwa siku, mpaka wenzi wanakuwa adui. Wazee wetu walisema: Kikulacho ki nguoni mwako. Sinema kubwa hutuonyesha adui anayetoka mbali. Sinema hizi ndogo hutuonyesha adui aliyekwisha kuingia, naye ameketi nasi mezani.

Sababu ya pili ni kwamba sinema hizi, hata pale zinaposema juu ya mizuka, mara nyingi zasema juu ya dhamiri. Nitataja tatu.

Katika Bad Ronald, ya mwaka 1974, kijana mmoja anachekwa na msichana mdogo. Anamsukuma kwa hasira, msichana anaanguka na kufa. Hakukusudia kuua. Angaliweza kukiri, na pengine wangalimhurumia. Lakini anauzika mwili, kisha mama yake, kwa upendo uliopotoka, anakata shauri la kumficha. Wanauziba mlango wa chumba kidogo cha nyumba yao kwa ukuta mpya, na kijana anaishi ndani yake. Polisi wanakuja, hawaoni kitu. Kisha mama anakwenda hospitali kupasuliwa, anafia huko. Nyumba inauzwa, jamaa wengine, baba, mama na binti zao watatu, wanahamia humo bila kujua kwamba nyuma ya ukuta yumo mtu anayewatazama kwa matundu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mama yule alidhani anamwokoa mwanawe, kumbe alimjengea kaburi lenye pumzi. Ni mzazi gani asiyejiona hapo, hata kama hajaziba ukuta wa matofali, bali ameziba kinywa tu?

Ya pili yatoka katika mchezo wa kuigiza wa Mfaransa Robert Thomas, Piège pour un homme seul, wa mwaka 1960. Televisheni ya Marekani ilipenda kisa hicho hata ikakitengeneza mara tatu: mwaka 1969, mwaka 1976 kwa jina la One of My Wives Is Missing, na tena mwaka 1986. Mume mmoja anatangaza kwamba mke wake amepotea. Analetewa mwanamke anayesema: "Ndimi mkeo." Mume anakana, anaapa kwamba hamjui mwanamke huyu, lakini kila ushahidi wampinga, na sisi watazamaji twamhurumia. Kumbe ni mtego. Yeye ndiye aliyemwua mkewe, na kwa hiyo yeye anajua kwa hakika kuliko wote kwamba mwanamke yule ni mwongo. Anasema kweli katika neno moja ili aufiche uwongo mkubwa zaidi, na kweli ile moja ndiyo inayomfunga. Mwisho anatamka kwa kinywa chake alichokificha. Hakuna jitu la kutisha katika kisa hiki. Kuna mtu na jambo analolijua peke yake.

Ya tatu ni Dark Night of the Scarecrow, iliyoonyeshwa na shirika la CBS tarehe 24 Oktoba 1981. Katika mji mdogo wa mashambani yupo mtu mzima aliye na akili ya mtoto, jina lake Bubba, naye ni rafiki wa msichana mdogo. Msichana anaumwa vibaya na mbwa. Watu wanne wa mji, wakiongozwa na mgawa barua, wanasadiki kwamba Bubba amemwua. Wanachukua bunduki na kumfuatia. Mama yake Bubba anamficha shambani ndani ya sanamu ya kutishia ndege. Mgawa barua anayaona macho hai katika matundu ya uso wa gunia. Wanampiga risasi pale pale alipofungwa. Mara wanapata habari kwa redio: msichana yu hai, na aliyemwokoa ni Bubba. Ndipo mgawa barua anamtia marehemu uma wa shambani mikononi, wapate kusema kwamba aliwashambulia. Hakimu anawaachilia kwa kukosa ushahidi. Lakini baadaye sanamu ile inaonekana shambani mwa mmoja wao, tena mwa mwingine, na hofu inaanza kuwatafuta mmoja mmoja. Sheria iliwaacha; kitu kingine hakikuwaacha.

Sababu ya tatu ni kule kusahauliwa kwenyewe. Kitu kinachosifiwa na watu wote hutujia kimekwisha kuhukumiwa. Nasi twaona haya kutokukisifu. Lakini kitu kilichosahauliwa hutujia uchi, bila mpambe. Hapana budi tukihukumu sisi wenyewe. Zaidi ya hayo, twakuta ndani yake kazi ya mikono ya watu waliojua kwamba kazi yao itapita usiku mmoja kama moshi, na hata hivyo wengine wao waliifanya vizuri. Mtu aliipanga taa ili kivuli kianguke kwenye ngazi sawasawa. Mwanamke aliyecheza sehemu ndogo ya mama mjane alilia kama mama mjane kweli. Hawakungoja sifa ya vizazi. Kuiheshimu kazi ya namna hiyo si upuuzi. Wengi wetu pia kazi yetu ni ya usiku mmoja.

Lakini hapa hapa yafaa tujihadhari. Katika kupenda kilichosahauliwa kuna kiburi kidogo kinachonyemelea: "Mimi nimeona ambacho ninyi hamkukiona." Mtu aweza kukusanya majina ya sinema mia zisizojulikana kama bahili akusanyavyo fedha, si kwa kuzipenda, bali kwa kuwapita wengine. Huyo hapendi sinema, ajipenda mwenyewe.

III. Shitaka la mtu wa zamani

Basi mvuto wake tumeuona, na sababu zake si mbaya. Je, mambo yamekwisha? La. Kuna shitaka kubwa zaidi, nalo si la jana. Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa Afrika ya Kaskazini mwaka 354, alipokuwa kijana kule Karthago alipenda sana michezo ya kuigiza ya huzuni. Alipokuwa mtu mzima, katika kitabu cha tatu cha Maungamo yake, alijiuliza: mtu apendaje kuhuzunishwa na misiba ambayo mwenyewe hangependa impate? Tena huruma hiyo ni ya namna gani, ikiwa mtazamaji haitwi kusaidia, bali aitwa kuhuzunika tu? Aliona kwamba kadiri mtazamaji anavyoumia ndivyo anavyofurahi, na asipoumia huondoka akinung'unika.

Katika kitabu cha sita asimulia pia habari za rafiki yake Alypius, aliyevutwa na wenzake kwenda kutazama watu wakipigana mpaka kuuana. Alifumba macho, akadhani yu salama. Umati ukapiga kelele, akafumbua macho mara moja tu, akanaswa. Hakutoka kama alivyoingia.

Mtu aweza kujibu kwa hoja ya Aristotle, mwenye hekima wa Wagiriki, aliyefundisha kwamba mchezo wa huzuni, kwa njia ya huruma na hofu, husafisha maono hayo ndani yetu. Yaani hofu iliyotufanya wazito hutoka, nasi twapumua. Hoja hiyo ina nguvu. Mwenye kutazama Duel na kuona mtu mnyonge akilishinda lori hulala vizuri usiku ule.

Nani asema kweli? Kwa muda mrefu nilidhani ni lazima kuchagua upande mmoja. Nami, kwa kuwa nilizipenda sinema, nilichagua upande wa Aristotle, nikamwacha Augustino na machozi yake. Ndivyo nilivyofanya mpaka usiku mmoja nitakaousimulia sasa, ingawa si kwa sifa yangu.

IV. Yaliyonipata mimi

Nilikuwa peke yangu nyumbani, nikitazama sinema ile ya Bubba katika kompyuta ya mwanangu. Nilikuwa nimefika pale mgawa barua anapoyasogelea macho yaliyo ndani ya gunia. Mara nikasikia: "Hodi! Hodi, mwalimu!" Ilikuwa sauti ya mama jirani. Nikaitika toka kitini: "Karibu, mama. Ngoja kidogo, naja."

Sikwenda. Nilisema moyoni: sehemu hii tu, ipite. Wakampiga risasi Bubba, nikafumba macho kwa uchungu. Kisha ikaja mahakama. Nikaona wauaji wakiachiliwa, na mama wa marehemu akipaza sauti mbele ya hakimu, nami moyo wangu ukawaka. Nilisema kwa sauti, peke yangu chumbani: "Lo! Watu hawa hawana huruma?" Nilipoinuka mwisho na kufungua mlango, uani hapakuwa na mtu.

Asubuhi nilipata habari. Mtoto wake alikuwa na homa kali. Alikuja kuniomba nimsindikize mpaka zahanati, kwa maana njia ni ya giza na yeye ana woga wa kupita usiku. Alipochoka kungoja alimfunga mtoto mgongoni, akaenda peke yake. Mtoto alitibiwa, akapona. Hakuna aliyenilaumu. Mama mwenyewe aliniamkia siku ile kwa heshima kama kawaida. Lakini tangu usiku ule hajapiga hodi tena mlangoni pangu. Akihitaji kitu hupita mbele ya nyumba yangu, akaenda nyumba ya tatu.

Sasa fikirini. Nililia kwa ajili ya mama aliyetungwa na mwandishi, na mwanawe asiyepata kuzaliwa. Nyuma ya mlango wangu alisimama mama mwenye mwili na mwana mwenye homa. Yule wa kwanza sikuweza kumsaidia, nikampa machozi yangu yote. Yule wa pili niliweza kumsaidia kwa hatua mia chache tu, nami nikampa neno "ngoja". Ndipo nilipoelewa Augustino alisema juu ya nani.

V. Tuhukumuje, basi?

Je, kosa lilikuwa la sinema? Mtu aweza kusema hivyo, akakataza sinema zote za hofu, akadhani kazi imekwisha. Lakini yafaa tuseme haki. Sinema ile haikuniambia niubane mlango. Yenyewe yasema kinyume chake: yaonyesha watu waliokimbilia hukumu bila kumwendea mtu na kumwuliza, na uovu unaozaliwa hapo. Mafundisho yalikuwa mbele ya macho yangu, tena yamechezwa vizuri. Kosa lilikuwa kwamba niliyatumia kama mtu anavyotumia pombe: kwa kuusikia moyo wangu ukiwa na joto, nikaridhika na joto hilo. Nilidhani kwamba kwa kuwa nahuruma, basi mimi ni mwenye huruma. Haya ni mambo mawili.

Hapa ndipo naona jibu. Hofu na huruma za sinema si njema wala si mbaya zenyewe. Ni kama mbegu mkononi. Aristotle anaitazama saa moja na nusu ya mchezo, naye asema kweli juu ya saa hiyo. Augustino anaitazama saa inayofuata, pale mtu anapoinuka kitini, naye asema kweli juu ya hiyo. Hofu iliyokusafisha moyo na kukuacha umekaa imekufanya safi kwa ajili ya nani? Hofu njema ni ile inayokuondoa kitini.

Nao mvuto wa sinema hizi ndogo, zilizosahauliwa, ndio unaolifanya jambo hili kuwa zito zaidi. Ukimwogopa joka la sinema kubwa, ukirudi nyumbani hutakuta joka, waweza kulala. Lakini sinema hizi zimefanya hofu kwa vitu vya nyumbani mwako. Ukizima, mlango ungalipo. Ukuta ungalipo. Meza ambayo watu wawili wameketi bila kuaminiana ipo labda katika nyumba yako. Jambo unalolijua peke yako, kama yule mume, lipo labda moyoni mwako. Ndiyo sababu zatuvuta: twajua bila kujua kwamba zasema juu yetu. Na ndiyo sababu tuna hatia tukizitazama na kuinuka kama tulivyoketi.

Naweza kutoa mashauri matatu, wala si magumu.

La kwanza: mlango upite picha. Simu yaweza kusimamishwa kwa kidole kimoja, na Bubba atakungoja pale pale. Amekwisha kungoja tangu mwaka 1981. Mtu anayepiga hodi hawezi kusimamishwa hivyo. Watazamaji wa kwanza wa sinema hizi walikuwa na udhuru kidogo, kwa maana wakiondoka kisa kiliwapita, pengine kwa miaka. Sisi hatuna hata udhuru huo.

La pili: ukimaliza kutazama, jiulize: mimi ningalikuwa nani humo ndani? Sisi sote hujiweka mahali pa mtu anayeonewa. Katika Duel sisi ni mwenye motokaa ndogo. Katika ile nyingine sisi ni Bubba. Jaribu kuketi mahali pengine. Je, sikuwa mgawa barua siku nilipomsadiki mtu kuwa mwizi kwa sababu ya uso wake? Je, sikuwa yule mama mwenye kuziba ukuta, nilipoficha kosa la mwanangu ili jina la jamaa lisichafuke? Swali hili lauma, lakini ndilo linalolipa gharama ya usiku uliokesha.

La tatu: usitazame peke yako daima. Sinema hizi zilitengenezwa kwa ajili ya sebule, watu wakiwa pamoja, wakiambiana: "Tazama! Usifungue mlango huo!" Mwenye kutazama na mkewe, na wanawe waliofikia umri, na kuzungumza nao baadaye, atasikia mambo ambayo asingeyasikia peke yake. Wala asiogope kuona haya kwamba sinema ni ya kale na hafifu. Mtoto haulizi ilitengenezwa kwa fedha ngapi. Auliza: "Baba, kwa nini mama yule hakusema kweli?" Hapo ndipo baba atakapojua kama yeye mwenyewe yu tayari kujibu.

Kabla ya kuandika maneno haya nilikwenda kwa mama jirani, nikamwambia kwa nini sikufungua usiku ule. Sikusema nilikuwa nimelala, ingawa ingalikuwa rahisi. Alinitazama kidogo, akasema: "Yamekwisha, mwalimu." Sijui kama yamekwisha. Itajulikana siku atakapopiga hodi.

Na wewe, kijana wangu uliyeniuliza, nakuomba unisamehe jibu langu la upesi. Hukuuliza juu ya mchezo tu. Endelea kuzitafuta sinema zako zilizosahauliwa. Watu waliozitengeneza kwa usiku mmoja wastahili mtazamaji mmoja mwaminifu. Mke wako akikucheka, mkaribishe aketi nawe. Lakini ukisikia sauti uani, inuka kwanza, kisha uje unisimulie mwisho wake. Nami nitakusimulia ule wa sinema yangu, maana siku ile niliuona mwisho wake wote, na afadhali ningalipitwa nao.